Kilo 0384129: maandishi yanavyogeuka namba ndani ya JavaScript

Mama mdogo wangu ananunua dagaa pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Anawaanika, anawafunga kwenye magunia, anapima, anauza. Hesabu zake zote zilikuwa kwenye daftari, mpaka nilipojifunza kuandika kurasa za wavuti nikamtengenezea ukurasa mdogo wa kufungua kwenye simu: unajaza kilo za kila gunia, unabonyeza, unapata jumla ya kilo na jumla ya fedha.

Siku ya kwanza alikuwa na magunia matatu, la kilo 38, la kilo 41 na la kilo 29. Bei nilikuwa nimeiandika mwenyewe ndani ya msimbo, 18000 kwa kilo. Akajaza, akabonyeza, akanigeuzia simu.

“Mwanangu, fedha zimelingana na daftari langu. Kilo ndizo sizielewi. Mbona zinaanza na sifuri?”

Kwenye kioo palikuwa na mistari miwili. Jumla ya fedha: 1944000. Jumla ya kilo: 0384129.

Fedha zilikuwa sahihi kabisa. Magunia yale yana kilo 108, na 108 mara 18000 ni 1944000. Sasa iweje mashine iliyokosea kilo ipatie fedha, wakati fedha zenyewe zimetokana na kilo hizohizo? Nilikaa na swali hilo jioni nzima, na jibu lake ndilo linalofungua habari yote ya kubadili aina za data katika JavaScript, lugha niliyoandikia programu ya ukurasa ule. Msimbo wenyewe ulikuwa huu, ambamo visanduku ni orodha ya visanduku vyote vya kilo:

let jumlaKilo = 0;
let jumlaFedha = 0;
for (const kisanduku of visanduku) {
  jumlaKilo = jumlaKilo + kisanduku.value;
  jumlaFedha = jumlaFedha + kisanduku.value * 18000;
}

Tazama kisanduku.value. Mtu akiandika 38 kwenye kisanduku cha fomu, kivinjari hakikukabidhi namba thelathini na nane. Kinakukabidhi maandishi: herufi 3 ikifuatiwa na herufi 8. Waandishi wa programu huyaita stringi. Kwa jicho letu “38” na 38 ni kitu kimoja, lakini kwa mashine ni vitu viwili mbali kabisa. Ya kwanza ni mfuatano wa alama, kama jina la mtu, na ya pili ni kiasi. Hata ukiweka type="number" kwenye kisanduku, .value bado inarudisha maandishi. Ukitaka namba moja kwa moja kutoka kwenye kisanduku cha aina hiyo, ipo sifa nyingine iitwayo valueAsNumber.

Na si fomu peke yake. Kilichohifadhiwa kwenye localStorage, yaani ghala dogo la data ndani ya kivinjari, kinarudi kikiwa maandishi. Kilichoandikwa kwenye anwani ya ukurasa baada ya alama ya kuuliza ni maandishi. Kwa hiyo karibu kila kitu kinachoingia kwenye programu yako kutoka nje kinaingia kikiwa maandishi, na kazi ya kukigeuza ni ya mtu fulani. Usipoifanya wewe, JavaScript itakufanyia kwa kukisia.

Inakisiaje? Inategemea alama uliyotumia. Alama ya kuzidisha, ya kutoa na ya kugawanya zina kazi moja tu, nazo zinahitaji namba. Zikipewa maandishi, JavaScript inayageuza kimyakimya: "38" * 18000 inatoa 684000, na "38" - 3 inatoa 35. Ndiyo maana fedha za mama mdogo zilikuwa sahihi. Alama ya + ina kazi mbili, kujumlisha namba na kuunganisha maandishi. Mswahili anaijua hali hii. Ukisikia “paa” peke yake hujui kama ni mnyama, ni sehemu ya nyumba au ni kitendo cha kwenda juu. Maneno ya jirani ndiyo yanayokuamulia. Kwa + kanuni ya jirani ni hii: upande mmojawapo ukiwa maandishi, basi na upande wa pili unageuzwa maandishi, kisha vyote viwili vinaunganishwa. 0 + "38" ikawa "038". "038" + "41" ikawa "03841". Gunia la tatu likakamilisha 0384129. Ile sifuri aliyoiona mama mdogo ni sifuri yangu ya kuanzia hesabu, imebaki mbele kama alama ya wayo.

Lugha nyingine ziliamua tofauti. Kwenye PHP, + inajumlisha na nukta ndiyo inayounganisha maandishi, kwa hiyo "38" + "41" ni 79 na mjadala umekwisha. JavaScript ilizaliwa kwa haraka. Brendan Eich aliandika toleo lake la kwanza akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari, mwezi Mei 1995, kwa siku 10, na walengwa walikuwa pia watu ambao kazi yao si uandishi wa programu. Ukurasa ulitakiwa uendelee kufanya kazi hata kama aliyeuandika amekosea kidogo. Njia ya mwandishi kunasa makosa ndani ya msimbo wake, yaani try na catch, iliingia kwenye kiwango rasmi mwaka 1999. Lugha isiyo na namna nzuri ya kusema “hapana” hujifunza kusema “sawa” kwa kila kitu, na kurasa zilizokwisha kuandikwa kwa kuitegemea tabia hiyo ni nyingi mno kwa mtu yeyote kuibadili sasa.

Kuna umbo jingine la kosa hilohilo ambalo huwapata hata waliokwisha geuza namba zao vizuri:

"Jumla: " + 38 + 41

Hapo 38 na 41 ni namba halali, lakini hesabu inasomwa kutoka kushoto. Maandishi yanakutana na 38 kwanza, yanaimeza, halafu yanaimeza 41. Unapata “Jumla: 3841”. Ukigeuza mpangilio, 38 + 41 + " kg" inatoa “79 kg”, kwa sababu namba zimekutana kabla ya maandishi kufika. Weka mabano: "Jumla: " + (38 + 41).

Basi nikaanza kugeuza mwenyewe. Vifaa ni vitatu, Number, parseInt na parseFloat, na watu wengi huvichukulia kama vinafanya kazi moja. Number inataka maandishi yote yawe namba tangu mwanzo hadi mwisho, isipokuwa nafasi tupu za pembeni. Ikikuta "38kg" inakataa. parseInt na parseFloat zinasoma kuanzia kushoto na kusimama zinapofika kwenye alama zisiyoielewa. Kwa "38kg" zote mbili zinatoa 38. Tofauti yake ni kwamba parseInt inasimama pia kwenye nukta ya desimali, kwa hiyo "38.5" inakuwa 38.

Upole wa parseInt ulinivutia, maana wasaidizi wa mama mdogo huandika “38kg”, “38 kilo”, wakati mwingine “38 net”. Wiki iliyofuata niliwafungulia kisanduku cha bei wajaze wenyewe, nikatumia parseInt na huko. Msichana mmoja akaandika bei kama sote tulivyofundishwa kuiandika:

18,000/=

parseInt ikasoma 1, ikasoma 8, ikafika kwenye mkato, ikasimama. Bei ikawa shilingi 18. Gunia la kilo 38 likathaminiwa shilingi 684. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna rangi nyekundu. Namba nzuri tu, iliyopungukiwa mara elfu. Tangu siku ile naamini kwamba kifaa kinachokubali kila kitu ndicho cha kuogopa kuliko kile kinachokataa. Number ingekataa "18,000/=" palepale, na kukataa huko kungekuwa msaada.

Dawa ni kusafisha maandishi kwanza kwa kanuni unazozijua, kisha kukagua, kisha ndipo ugeuze:

function somaFedha(maandishi) {
  const safi = maandishi.trim()
    .replace(/,/g, "")
    .replace(/\/[=-]$/, "")
    .trim();
  if (!/^\d+(\.\d+)?$/.test(safi)) return null;
  return Number(safi);
}

Mstari wa kwanza unaondoa nafasi za pembeni, wa pili unaondoa mikato yote, wa tatu unaondoa /= au /- ya mwishoni. Halafu swali: je, kilichobaki ni tarakimu tupu, labda na nukta moja katikati? Kama sivyo, rudisha null, yaani “hakuna thamani”, na umwambie mjazaji aandike upya. “Elfu 18” itakataliwa. “18k” itakataliwa. Ni sawa, mtu atasahihisha kwa sekunde tano.

Sasa, usiichukue fanksheni hii ukaitumie kwenye kisanduku cha kilo. Kigoma ni mji wa mpakani. Wafanyabiashara wanatoka Burundi, wengine wanavuka ziwa kutoka Kongo, nao wamesoma kwa utaratibu wa Kifaransa, ambako mkato ndio unaotenga desimali. Mmoja wao akiandika “38,5” anamaanisha kilo thelathini na nane na nusu. Fanksheni yangu ya fedha ingefuta mkato na kumpa kilo 385. Kwenye bei mkato unatenga maelfu. Kwenye kilo unaweza kutenga nusu. Hakuna kanuni ya mashine inayoweza kujua hilo, ni lazima mtu anayewajua watu wa mwaloni aamue. Mimi niliamua kwamba kisanduku cha kilo kikiona mkato kisigeuze chochote, kiulize: “Umemaanisha 38.5?”

Suala la kisanduku kitupu nalo linanigusa, kwa sababu linaumiza watu bila kuonekana. Number("") inatoa 0. Nafasi tupu tatu nazo zinatoa 0. Number(null) inatoa 0. Lakini Number(undefined), yaani kitu ambacho hakijapewa thamani, inatoa NaN, alama ya “si namba”, na parseInt("") inatoa NaN. Gunia ambalo halijapimwa na gunia ambalo kilo zake ni sifuri ni mambo mawili tofauti. La kwanza linadai mtu arudi kwenye mizani. La pili linasema hakuna mzigo. Mama aliyeleta dagaa zake kwa mkopo, akasubiri alipwe Ijumaa, hawezi kulipwa kwa sifuri iliyotokana na kisanduku ambacho hakuna aliyekigusa. Kwa hiyo kagua utupu kabla ya kugeuza, kila mara.

NaN ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya “si namba”, lakini ukiiuliza JavaScript aina yake kwa typeof, itakujibu kuwa ni namba. Ni alama ya kwamba hesabu imeshindikana. Ina tabia mbili za kukumbuka. Kwanza inaambukiza: jumla yoyote iliyoguswa na NaN inakuwa NaN. Pili hailingani na kitu chochote, hata yenyewe, hivyo kuandika x === NaN hakutakupa kweli kamwe; tumia Number.isNaN(x).

Tabia ya kuambukiza inafaa, kwa sababu kosa linaonekana. Hatari inakuja NaN inaposafiri. Fuatilia gunia moja lililoandikwa “38kg”. Number inalikataa, unapata NaN. Rekodi inafungwa kwa JSON.stringify, inayoigeuza kuwa maandishi ya muundo uitwao JSON, ili itumwe kwenye seva. JSON haina neno la NaN, kwa hiyo inaandika null. Upande wa pili wa safari, msimbo unafungua rekodi, unakuta null, unaijumlisha na 41. Kwenye kujumlisha null inahesabiwa kuwa 0. Jumla inatoka 41. Kilo 38 za dagaa zimeyeyuka katika mageuzi matatu, kila moja likifuata kanuni zake kikamilifu, na hakuna mstari mmoja wa msimbo uliolalamika. Ndiyo maana nasisitiza ugeuzaji ufanyike mara moja, mlangoni, pale data inapoingia. Ukishapita mlango, kilo iwe namba halali au rekodi isiwepo kabisa.

Aina ya ndiyo na hapana, yaani buliani, ina orodha fupi. Thamani zinazohesabiwa kuwa hapana ni false, 0, -0, 0n (sifuri ya aina ya namba nzima kubwa, BigInt), maandishi matupu, null, undefined na NaN. Vingine vyote unavyoweza kukutana navyo katika kazi ya kawaida ni ndiyo. Humo ndani mna mtego mmoja: maandishi "0" ni ndiyo, na maandishi "false" ni ndiyo pia, kwa kuwa si matupu. Nilipohifadhi kwenye localStorage kwamba mteja hajalipa, false yangu ikageuzwa kuwa neno "false". Niliposoma tena kwa if, kila mdaiwa alionekana amelipa. Linganisha na neno lenyewe: localStorage.getItem("amelipa") === "true".

Kuhusu kulinganisha, alama mbili za sawasawa, ==, hugeuza aina kabla ya kulinganisha, na tatu, ===, hazigeuzi. Kwa mbili, "" == 0 ni kweli, na "0" == false ni kweli ingawa "0" peke yake ndani ya if ni ndiyo. Tumia tatu. Mahali pekee ninapoziruhusu mbili ni x == null, ambayo inanasa null na undefined kwa pamoja na haigusi sifuri.

Kuna pia tarakimu ambazo hazitakiwi kugeuzwa hata kidogo. Namba ya simu huanza na 0, na Number itaimeza hiyo sifuri. Namba ya kitambulisho cha NIDA ina tarakimu 20, wakati namba nzima kubwa ambayo aina ya kawaida ya namba ya JavaScript inaihifadhi kwa uhakika ni 9007199254740991, yenye tarakimu 16. Ukipitisha namba ya NIDA kwenye Number, tarakimu za mwisho zinaweza kubadilika bila taarifa, na umemwandika mtu mwingine. Jiulize kama kuna siku utazijumlisha namba za simu za watu wawili. Kama hakuna, ziache ziwe maandishi.

Safari ya kurudi, kutoka namba kwenda maandishi, ni rahisi zaidi, ila toFixed huwakamata wengi. Kilo 12.5 ukiiandikia toFixed(2) ili ionekane 12.50, umepata maandishi "12.50", na ukijumlisha 3 unapata “12.503”. Fanya hesabu zote kwanza, pamba mwishoni. Kupanga nako kuna siri yake: [38, 41, 9, 105].sort() inarudisha 105, 38, 41, 9, kwa sababu sort isipoelekezwa hugeuza kila kitu kuwa maandishi na kupanga kama kamusi. Mpe maelekezo: sort((a, b) => a - b).

Kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote ni tarehe. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mitumbwi mingine hurudi mapema. Nilikuwa napata tarehe ya kila rekodi kwa kugeuza saa ya simu kuwa maandishi kwa toISOString na kukata herufi 10 za mwanzo. Fanksheni hiyo huandika saa ya dunia, UTC, nasi tuko saa tatu mbele yake. Mzigo uliopokelewa saa nane usiku wa tarehe 5 Machi ukaandikwa tarehe 4. Kila kilichopokelewa kati ya saa sita na saa tisa usiku kilirudi nyuma siku moja, na malipo yake yakaangukia siku isiyo yake. Sasa nachukua mwaka, mwezi na siku kwa getFullYear, getMonth na getDate, ambazo hufuata saa ya mahali simu ilipo, nikikumbuka kwamba getMonth huhesabu Januari kuwa 0.

Nilidhani nimemaliza, hadi nilipoweka kisanduku cha saa ya kupokea mzigo, kisanduku cha kawaida cha kuandikia. Mama mdogo akaandika 8:00. Kwake na kwangu ilikuwa saa nane ya usiku. Msimbo wangu ulisoma saa mbili asubuhi. Nimeongeza kitufe cha kuchagua usiku, alfajiri, asubuhi, mchana au jioni, na kwenye hifadhi kila rekodi ina safu mbili zinazokaa pamoja: alichoandika yeye, “8:00 usiku”, na nilichokielewa mimi, 02:00.